TAA ZA JUKWAANI ZINAZOJIENDESHA: MWONGOZO KWA BENDI NDOGO ISIYO NA MSHIKO



Hii naiweka kwa ajili ya vijana wenye bendi ndogo, wa huku kwetu Kusini na kwingine kote. Nasema wale ambao gitaa ni la kuazima, drams ni za kuunga-unga, na sasa wanaambiwa "bendi yenu nzuri ila haina taa". Imekuwa ndefu. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, kopi uweke kwenye flashi ukasome nyumbani.

Napiga kinanda kwenye bendi ya watu sita hapa Kitomanga, Lindi. Kazi yetu ina msimu. Ufuta ukishauzwa, kuanzia mwezi wa sita hivi, hela inazunguka vijijini, watoto wanatoka jandoni, harusi zinapangwa kila Jumamosi. Korosho zikiingia mnadani mwisho wa mwaka inakuja duru ya pili. Katikati ya hapo tunalima kama watu wengine. Sasa msimu mmoja tukapoteza harusi tatu mfululizo kwa jamaa mmoja mwenye laptopu, spika mbili na taa nne za rangi. Hana mpiga besi wa kumlipa wala mwimbaji wa kumlisha. Mama wa bi harusi mmoja akatuambia bila kuficha: nyie wanangu mnapiga vizuri, lakini kwenye video hamuonekani.

Iliniuma, ila alikuwa na haki. Taa zetu zilikuwa balbu nne zilizofungwa karatasi za rangi, na dogo mmoja pembeni anawasha na kuzima swichi kwenye ubao.

Tukachanga tukanunua taa mbili za LED, zile za duara zinazoitwa PAR. Nyuma zina sehemu ya kuchagua, tukachagua "sauti", maana yake taa inacheza yenyewe kwa kusikia muziki. Kwa dakika kumi za kwanza tulijiona tuko Dar. Halafu shehe akainuka kuomba dua. Maiki iko wazi, na kila akitamka neno taa zinaruka nyekundu, kijani, zambarau. Wazee wakageuka kutuangalia wote kwa pamoja. Nikaruka nikachomoa plagi, jukwaa zima likawa giza, shehe naye kwenye giza. Hilo likawa kosa la pili ndani ya nusu dakika.

Kwa hiyo tukubaliane kwanza maana ya neno. Taa inayojiendesha siyo taa inayorukaruka yenyewe. Ndani ya taa kuna kimaiki kidogo kinachosikia kishindo tu. Hakijui kibao wala dua. Ninachozungumzia hapa ni taa ulizozipangia mapema nini cha kufanya, kisha zinakungoja wewe useme lini.

LUGHA YA TAA

Lugha ambayo karibu taa zote za jukwaani duniani zinaielewa inaitwa DMX512. Ilitoka Marekani mwaka 1986 kupitia chama cha watu wa ufundi wa majukwaa kiitwacho USITT. Kabla ya hapo makampuni yalikuwa na mifumo tofauti, ukinunua taa za huyu hazisikilizani na mashine ya yule. Wazo lake ni jepesi mno. Waya mmoja unabeba chaneli 512, na kila chaneli ni namba kuanzia 0 mpaka 255. Sifuri ni kuzima, 255 ni mwisho wa nguvu. Mashine inazitaja namba zote kwa mpangilio, ikimaliza inaanza upya, mpaka mara 44 hivi kwa sekunde moja. Kila taa inasikiliza namba zake tu, za wenzake inaziacha zipite.

Inajuaje zipi ni zake? Kwa anwani. Kile kioo kidogo nyuma kikiandika d001 au A001, maana yake taa inaanza kusikiliza chaneli ya kwanza. Taa nyingi za bei nafuu zinatumia chaneli saba: moja ya mwanga wote kwa ujumla, tatu za nyekundu, kijani na bluu, na zinazobaki ni za kupepesa na michezo ya ndani. Mpangilio unatofautiana, kwa hiyo kile kikaratasi kinachokuja na boksi usikifungie maandazi. Ukitaka rangi ya chungwa inayopendeza usoni, weka nyekundu 255, kijani 120 hivi, bluu 0. Ni hesabu ya darasa la pili.

Taa zinaungwa kwa mnyororo: kutoka kwenye mashine kwenda taa ya kwanza, ya kwanza kwenda ya pili, na kuendelea. Usiunge matawi kama waya wa umeme wa nyumba. Plagi zake ni zile zile za maiki, pini tatu. Pini ya 1 ni ngao, 2 na 3 ndizo zinazobeba data. Ndiyo maana watu wanatumia waya wa maiki, na kwa mita chache unakubali. Hata mimi nimeutumia. Ila waya wa DMX umetengenezwa uwe na omu 120, wa maiki sivyo, na ukirefusha mnyororo utaona taa ya mwisho inashtukashtuka kama ina homa. Tiba yake ni rezista moja ya omu 120. Unaiunga kati ya pini ya 2 na ya 3 ndani ya plagi tupu, kisha unaichomeka kwenye tundu la kutokea la taa ya mwisho. Nimeona watu wanatupa taa nzima kumbe walikosa hiyo rezista.

KWA NINI SAA HAITUFAI

Hapa ndipo miongozo mingi ya wenzetu Ulaya na Marekani inapotuacha. Kule bendi nyingi zinapiga huku mpiga drams ana mlio wa kuhesabu mapigo masikioni, na kompyuta inaendesha taa kwa saa: dakika ya kwanza na sekunde 12, bluu; dakika ya pili, nyekundu. Ukipiga vile vile kila siku, taa zinakwenda sawa na wimbo.

Kwetu jaribu uone. Muziki wa dansi una sehemu mbili. Mwanzo unaimbwa taratibu, maneno yanasikika, watu wamekaa. Halafu gitaa linageuka na tunaingia kwenye chemko. Chemko halina dakika! Mjomba wa bwana harusi akiinuka kuja kutunza, mpiga solo anarudia pale pale mpaka noti ziishe mfukoni. Siku nyingine chemko ni dakika tatu, siku nyingine robo saa, na hakuna anayejua kabla. Mimi nilipanga kibao kimoja kwa saa, nikatumia usiku mzima. Kwenye shughuli taa zikaingia kwenye giza la kumalizia wimbo wakati shangazi ndiyo kwanza anacheza kuelekea jukwaani na elfu kumi mkononi. Alirudi kukaa.

Kwa hiyo kanuni yetu ikawa hii: taa zikumbuke rangi, mtu akumbuke wakati. Kila kitu kinachofuata humu kimetokana na hapo.

NJIA TATU, KUANZIA YA BURE

Ya kwanza haihitaji mashine kabisa. Taa za aina moja zina sehemu ya bwana na mtumwa (ndivyo walivyoiita, siyo mimi). Unaiweka taa ya kwanza iongoze, nyingine zifuate, mnaunga waya, basi zote zinabadilika pamoja. Ukichagua mchezo wa kubadilika polepole, si ule wa sauti, tayari uko mbele ya nusu ya madisko. Haitabadilika ukiingia chemko, lakini haitamtia shehe aibu.

Ya pili ni boksi la kuongozea taa, lile jeusi lenye vitelezi nane ambalo utalikuta Kariakoo kila duka la vifaa vya muziki. Lina chaneli 192, yaani taa 12 zenye chaneli 16 kila moja, na linatunza sini mpaka 240. Sini ni picha moja ya taa zote jinsi zilivyo kwa wakati huo. Unapanga rangi kwa vitelezi, unahifadhi, siku ya shughuli unabonyeza tu. Ni gumu kufa, linakula umeme kidogo, halina virusi wala halikuombi kusasisha chochote. Kama bendi yako haina mtu anayependa kompyuta, ishia hapa, usione haya.

Kuna mtego mmoja. Kwa sababu boksi linagawa chaneli 16 kwa kila taa hata kama taa inatumia saba, anwani lazima ziwe 1, 17, 33, 49. Ukiweka 1, 8, 15, 22 kama wengi wanavyofundisha, taa ya pili itakuwa inasikiliza mambo ya taa ya kwanza na utachanganyikiwa. Ushauri wangu ni kuweka 1, 17, 33, 49 hata kama utatumia laptopu. Laptopu ikizimika katikati ya shughuli unahamisha waya kwenye boksi, maisha yanaendelea.

Ya tatu ndiyo tunayotumia sasa: laptopu kuukuu, programu ya bure, na waya wa kugeuza USB kuwa DMX. Programu inaitwa QLC+. Aliianzisha Heikki Junnila wa Finland, kisha Mwitaliano Massimo Callegari akaiendeleza ikapata hiyo alama ya kujumlisha. Inakaa kwenye Windows, Linux na Mac, na hata kwenye kile kikompyuta cha Raspberry Pi. Hulipii kitu na siyo ya wizi. Waya wa kugeuza upo wa aina mbili. Ule wa bei nafuu kazi yote inafanywa na laptopu, kwa hiyo laptopu ikizidiwa taa zinakwama kidogo. Funga programu nyingine zote, hasa kivinjari na antivirusi inayopenda kuamka saa mbili usiku. Ule wa bei kubwa una akili yake ndani. Sisi tuna wa nafuu na tunaishi nao.

Kuna watakaosema laptopu kuukuu ni aibu jukwaani. Waulize walioanzisha mchiriku kule Dar, vinanda vidogo vya Casio vya watoto na spika za honi, wakakesha nao uswahilini. Mwaka 2012 Jagwa Music wakatolewa albamu na kampuni ya Ubelgiji na kupigwa majukwaa ya Ulaya. Hakuna aliyewauliza kinanda ni bei gani.

PEDALI YA MAUSI

Sasa nani anabonyeza? Mikono yangu ina kinanda. Pedali za kiwandani zipo, ila kwa bei hiyo nanunua taa nyingine. Tulifanya hivi.

Chukua mausi ya zamani ya waya, uipeleke kwa fundi simu yeyote mwenye mkono mwepesi. Aifungue. Chini ya kitufe cha kushoto kuna kiswichi chenye miguu mitatu, miwili kati ya hiyo ndiyo inayokutana ukibonyeza. Ataijua kwa mita. Aunge nyaya mbili nyembamba hapo, azipeleke kwenye kitufe cha kengele ya mlango kilichopigiliwa kwenye kipande cha ubao. Basi, ukikanyaga kengele, kompyuta inaona umebofya. Ile sehemu ya chini ya mausi yenye mwanga izibe kwa gundi nyeusi ya umeme ili mshale usitembee. Kwenye QLC+ unatengeneza orodha ya sini, unapeleka mshale kwa kidole juu ya kitufe cha kwenda mbele, unauacha hapo. Kila ukikanyaga, sini inayofuata inaingia.

Kitufe chetu cha kwanza kilikuwa kinaruka, unakanyaga mara moja kinahesabu mbili. Kengele za bei chee zina hiyo tabia. Kijaribu mara 50 nyumbani kabla hujakiamini. Na ukitaka kupeleka pedali mbali, refusha nyaya za kengele, usirefushe USB. USB ya kawaida ikizidi mita 5 inaanza ubabe. Waya wa DMX wenyewe hauna shida na umbali, unakwenda mamia ya mita ukiwa mzuri.

Orodha yetu ina sini tatu tu zinazozunguka. Ya mashairi: chungwa la mbele, bluu hafifu nyuma, taa zimetulia. Ya chemko: nyekundu na zambarau zinazobadilishana upande, zinaingia ghafla bila kuchelewa. Ya tatu ndiyo ninayojivunia, ya kutunza: mwanga mweupe wa joto unamwagika mbele ya jukwaa pale anaposimama mtunzaji, huku nyuma chemko linaendelea. Mtu akitoa hela yake anataka aonekane, na kwenye video aonekane. Tangu tuweke sini hiyo mfuko wa kutunzwa umenenepa, mshika hela wetu ni shahidi. Kurudi kwenye mashairi tumeweka sekunde tatu za kufifia, ili isionekane kama umeme umekatika.

Ya dua na hotuba iko pembeni, kwenye kitufe chake. Hapo jihadhari: ukiiita huku orodha inaendelea, rangi zinachanganyika, kwa sababu QLC+ kwenye rangi hizi inafuata namba iliyo kubwa kuliko zote. Kwanza simamisha orodha, ndipo uite dua. Nilijifunza hilo jukwaani, safari hii bila shehe, alikuwa ni mwenyekiti wa kijiji.

RANGI NA NGOZI ZETU

Hii wanaipita wengi. Bluu tupu kwa mwimbaji mweusi inamfuta. Utaona shati na meno. Kijani tupu inamfanya mgonjwa. Uso unataka chungwa au nyeupe ya joto, tena kutoka pande mbili za mbele, kila taa ikiwa kama nyuzi 45 kutoka alipo, siyo kutoka chini miguuni. Bluu, zambarau na nyekundu zipeleke nyuma na kwenye nguo. Kama sare yenu ni nyeupe mmebahatika, kila rangi mnayoweka mnaivaa.

Ukiwa na taa nne, basi mbili mbele mbili nyuma. Usizipange zote nyuma zikaangalia watazamaji kwa sababu ndivyo umeona kwenye video ya tamasha. Wale wana taa mia.

Mwanga wa kupepesa haraka uuogope. Kuna watu wanaanguka kifafa kwa mwanga wa namna hiyo. Sisi hatupiti mara 3 kwa sekunde, na kwenye shughuli ya watoto hatupepesi kabisa.

Halafu wadudu. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanafuata nyeupe na bluu kuliko chungwa na nyekundu. Mwimbaji wetu amewahi kummeza mmoja katikati ya beti, akamalizia kwa kukohoa. Mwezi wa kumi na mbili sini yetu ya kutunza tunaipunguza weupe.

UMEME, NA HAPA NAOMBA UTULIE USOME

Taa ya PAR ya zamani ya balbu inakula wati 500 au 1,000 peke yake. Nne ni mpaka wati 4,000, umeme wa kuchomelea mageti. LED ndiyo imetukomboa. Usihesabu kwa jina la taa, ile "54x3" ni tangazo. Soma lebo ya nyuma. Ikisema wati 80, taa nne ni 320. Kijenereta cha kubeba mkononi chenye wati 650 kitazibeba, ila usitarajie kibebe na amplifaya ya besi pia. Na kijenereta kikipanda na kushuka, LED nyingi zinavumilia, amplifaya ndiyo inanguruma.

Sasa kisa. Shughuli moja tulichomeka amplifaya ya gitaa kwenye nyumba ya jirani, na miksa ya maiki kwenye jenereta, kwa sababu waya haukufika. Mpiga rizimu anaimba pia. Akashika nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maiki, akatupwa nyuma. Mdomo ulimvimba siku mbili, na Mungu alimpenda. Nyumba haikuwa na ethi, jenereta haikuwa na ethi, yeye ndiye akawa ethi.

Tangu siku hiyo kila kitu cha jukwaani kinatoka chanzo kimoja, ekstensheni moja kubwa, hata kama tutachelewa saa nzima kutafuta waya. Taa zina chuma, ziko juu ya miti, umande wa usiku unalowesha. Taa isiyo na ethi ni mtego ulioning'inia. Nunueni kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, mafundi wanakiita RCD, cha miliampia 30, na mbonyeze kitufe chake cha kujaribu kila kabla ya shughuli. Ila mjue kwamba kwenye jenereta ndogo ambayo haijafungwa vizuri kinaweza kisikate kabisa. Hilo siyo la kubahatisha, mwone fundi umeme mwenye leseni ya EWURA awafungie mara moja, mmelipa mara moja. Fyuzi kwenye plagi ikiungua, weka fyuzi. Waya mwembamba wa taa unataka ya ampia 3. Msumari siyo fyuzi, karatasi ya sigara siyo fyuzi.

Taa tunazifunga kwenye mirunda, miwili kila upande, imechimbiwa. Kila taa ina kamba yake ya pili ya chuma mbali na skrubu inayoishikilia, ili skrubu ikiachia isimwangukie mtu. Waya za umeme upande mmoja, waya za gitaa na maiki upande mwingine. Zikilala pamoja utasikia mlio wa nyuki kwenye spika na utamlaumu mpiga gitaa bure.

BARABARA NA INTANETI

Jambo moja la watu wa huku. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar pale Somanga, na taa zetu mbili za nyongeza zikawa upande wa pili. Nikasema basi nitumie muda huo kushusha toleo jipya la QLC+. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kudondoka tone tone. Tulikuwa hatuna taa wala programu, na shughuli ya ufuta inakuja.

Kwa hiyo ukiwa kafe leo, shusha programu yenyewe, mwongozo wake na draiva ya ule waya wa USB, vyote uweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwenye boksi la bendi. Na faili la sini zenu pia. Laptopu yetu ya kwanza ilikufa na sini zote ndani, nikapanga upya kwa kukumbuka.

KUHUSU DOGO WA SWICHI

Nilisema tulikuwa na dogo anayewasha swichi kwenye ubao. Tulipoleta laptopu alinuna. Alinifuata akaniuliza, kaka, sasa mimi posho yangu ndiyo basi? Sikuwa na jibu zuri. Hesabu ilikuwa inasema hivyo kweli, mgao wa watu saba ukiwa wa sita kila mmoja anapata zaidi, na wapo kwenye bendi waliolisema wazi.

Miezi miwili nilikanyaga pedali mwenyewe. Mashairi sawa, chemko sawa. Kutunza nilikuwa nakosa karibu kila mara, kwa sababu kwenye chemko macho yangu yako kwa mpiga solo, simwoni mjomba anayeinuka meza ya tano. Mpiga drams tukampa, akakanyaga pedali ya taa akidhani ya besi dramu. Mwishowe tukaunga nyaya za kengele mita 12, tukampa dogo akae pembeni ya jukwaa anapoona watu wote. Anawajua huku wote kwa majina, anajua nani akisogeza kiti ni wa kutunza na nani anakwenda chooni. Mgao umebaki wa watu saba. Sasa hivi anajifunza kupanga sini, na zake za chemko ni kali kuliko zangu.

Tunafika kabla jua halijazama, maana kubadili anwani ya taa iliyo juu ya mrunda gizani ni adhabu. Kwenye boksi la bendi kuna rezista mbili za omu 120 ndani ya plagi zake, fyuzi sita, mausi ya akiba iliyokwisha kuungwa, tochi, gundi nyeusi ya umeme, waya mmoja wa maiki wa kuziba pengo, lile boksi jeusi la chaneli 192, na kile kikaratasi cha taa ndani ya mfuko wa nailoni. Kwanza tunawasha taa moja moja, dogo anakanyaga mara tatu mzunguko mzima, ndipo tunatoa magitaa.